Mume Wangu Alinipima Damu, Kisha Akanyamaza

Nina miaka thelathini na saba, mama wa mtoto mmoja wa kike, na nauza viungo Kariakoo. Iliki, mdalasini, karafuu, bizari, pilipili manga... vyote nanunua vizima, nasaga mwenyewe, nafunga mwenyewe. Jina langu nimelificha, mniite Mama Rukia, ingawa hata huyo Rukia nimembadilisha jina.

Wasomaji wenzangu, haya yaliyonikuta, mimi mwenyewe ningesimuliwa na mtu ningesema huyu anatunga! Lakini ni yangu, na yamenitoa kwenye ndoa niliyoipenda. Someni mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Mume wangu nitamwita Shabani. Tulikuwa tumepanga Magomeni, vyumba viwili, uani tunachangia na wapangaji wengine. Yeye alisomea mambo ya maabara ya wanyama, akapata kazi kwenye kituo kimoja cha kufuga tumbili, nje kidogo ya jiji. Kazi yake kuwatoa damu hao tumbili na kuipima kwenye mashine.

Nilipoambiwa kazi ya mchumba wangu nilicheka mpaka machozi. Tumbili naye ana nini cha kupimwa? Shabani hakukasirika. Alinieleza kwamba kila kiumbe kina kiasi chake cha kawaida: chembe nyekundu kiasi fulani, chembe nyeupe kiasi fulani, sukari kiasi fulani. Usipojua kawaida yake huwezi kujua kama anaumwa. Tena tumbili wa kwenye banda, anayeletewa chakula, damu yake si sawa na ya yule anayeruka porini. Kwa hiyo bosi wao, daktari wa mifugo aitwaye Dokta Aneth, alikuwa anakusanya vipimo vya tumbili wazima wa pale bandani ili wajue viwango vyao.

Jambo jingine aliloniambia lilinigusa. Tumbili ukimkimbiza na wavu ukamkamata kwa nguvu, damu yake inadanganya. Sukari inapanda, chembe nyeupe zinapanda, utasema mgonjwa, kumbe ni hofu tu! Kwa hiyo waliwazoesha taratibu mpaka mnyama anautoa mkono mwenyewe kwenye tundu la banda, anachomwa, anapewa ndizi yake.

Nikasema moyoni, mwanaume anayeweza kumsubiri tumbili atulie, mimi mkewe atanionea wapi? Nikaolewa roho yangu nyeupe.

Kumbe sikujua ninachokisema!

Tuliishi vizuri miaka kadhaa, Rukia akazaliwa, akaanza shule. Mwaka huo, kuelekea Ramadhani, biashara ilichanganya. Sisi wa viungo mwezi wa kuelekea mfungo ndio mavuno yetu, maana hakuna nyumba isiyotaka bizari na mdalasini. Nilikuwa nasaga tangu alfajiri, nakula nikikumbuka. Nikaanza kuona kizunguzungu. Siku moja nikayumba pale pale kibandani, nikashikwa na jirani yangu wa kibanda cha pili. Huyu nitamwita Tatu, na hilo pia si jina lake. Mkumbukeni Tatu.

Shabani aliposikia alihangaika mno. Nikamwambia nitaenda hospitali nikipata nafasi. Akasema foleni ya nini wakati mume wako mpimaji? Asubuhi kabla hajaenda kazini akanikalisha kwenye kigoda uani, akanifunga mpira mkononi, akagonga gonga mshipa, akachoma. Wallahi sikusikia maumivu. Nikamtania, "Na mimi ndizi yangu iko wapi?" Akacheka mpaka akachuchumaa! Akatoka akaenda kwa muuza matunda, akarudi na ndizi mbili, yangu na ya Rukia, ndipo akaondoka na kile kichupa cha damu mfukoni.

Jamani... hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mume wangu kunichekea.

Jioni alirudi uso umemshuka. Nikamuuliza, vipi, damu ipo? Akajibu, "Ipo." Basi. Nikasubiri aendelee, akaomba maji ya kuoga. Nikajua amechoka.

Kesho yake alirudi na kikombe kipya, akasema ni chake, mtu asikiguse. Siku zilizofuata akaanza kupakua chakula chake mwenyewe jikoni kabla sijaonja. Kikata kucha tulichokuwa tunachangia sote kikapotea. Akahamia kulala kwenye kochi, eti mgongo unamuuma, kitanda kimebonyea. Kochi letu lile lenye springi zilizochomoza? Mgongo gani unaoponea pale?

Ningekuwa mjinga nisingewaza. Nikawaza! Nikasema huyu ana mwanamke. Mwanaume akikinai chakula cha nyumbani, ujue kuna anakoshibia. Nikaanza kunusa mashati yake. Nikaanza kumtega kwa maswali. Nikimwangalia namkuta ananiangalia, na yeye ananipima kwa jicho kama mwizi kaingia dukani. Tulikuwa tunaviziana, watu wazima ndani ya vyumba viwili!

Kilichoniumiza zaidi ni Rukia. Siku moja nimeonja uji wake nisije nikampa wa moto, akasukuma bakuli. Nikamuuliza nini mama? Akasema, "Baba amesema nisile ulichoonja." Mtoto wa miaka minane! Nikakaa chini na kijiko changu.

Hapo ndipo nilipochukua simu yake. Sijivunii, lakini nani asingechukua? Nikakuta ujumbe wa Dokta Aneth: "Kesho wahi sana. Malkia ananitia wasiwasi. Usimwambie mtu kwanza."

Malkia! Nikasema ahaa... kumbe ana jina. Pengine Dokta ndiye anayewaunganisha, au Dokta mwenyewe ndiye huyo Malkia. Shabani alipotoka kuoga nikamuuliza mkono kiunoni, Malkia ni nani? Akajibu, "Ni tumbili." Nikacheka kicheko cha uchungu. Tumbili ndiye asiyetakiwa kusemwa kwa watu? Mimi mtoto mdogo?

Aliniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona. Akaninyang'anya simu, akasema, "Wewe ndiye wa kuniuliza mimi habari za siri?"

Siri gani? Nina siri gani mimi?

Kwa kweli nilikuwa nayo moja. Lakini haikuwa yangu.

Tatu, yule jirani yangu wa kibanda, alikuwa anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Aligundulika zamani, na mumewe ni mtu mkali, anapekua pochi yake kila jioni. Siku moja alinililia, akaniomba nimtunzie dawa zake kibandani kwangu, awe anakuja kumeza hapo. Nilikubali. Nikampa ahadi mbele ya Mungu kwamba sitamwambia mtu, hata mume wangu. Alikuwa anazitoa kwenye chupa yake yenye nembo na kuzitia kwenye kopo dogo lisilo na maandishi. Mimi nalifunga kwenye kipande cha kanga, nalificha nyuma ya gunia la bizari. Kila siku anapita kama anayekuja kuchukua chenji, anameza, anaondoka.

Sasa sikilizeni balaa lilivyokuja. Shabani hajawahi kuja kibandani kwangu saa za kazi. Siku hiyo akatokea mchana kweupe, Kariakoo imefurika watu, wateja wamenizonga. Akasema kaja kunisaidia. Nikafurahi! Nikasema labda moyo umerudi. Akaingia nyuma, akaanza kupanga magunia. Mimi huku nampimia mama mmoja iliki, sikumwona alipolifikia lile kopo.

Hakunisemesha. Alilitia mfukoni akaondoka.

Jioni nimefika nyumbani nimelikuta juu ya meza, limefunguliwa, vidonge vimemwagwa kwenye kisosi. Akaniuliza hizi ni nini. Nikasema ni za mtu. Za nani? Nikasema siwezi kusema. Akauliza tena kwa sauti ya juu, majirani wakaanza kunyamaza uani ili wasikie vizuri. Nikarudia, siwezi kusema.

Ndipo akapasuka. Akasema nimejua tangu siku ile nilipokupima! Damu yako imekusema! Akanieleza kwamba mashine ilionyesha chembe zangu nyekundu ni chache kuliko kawaida, tena zimevimba, kubwa kupita kiasi. Alikwenda kumuuliza muuzaji wa duka moja la dawa maana yake. Akaambiwa mambo ya namna hiyo huonekana kwa mlevi, au kwa mwenye upungufu fulani wa vitamini, au kwa anayetumia baadhi ya dawa za kufubaza virusi. Kwa vile mimi sinywi pombe na nyumbani tunakula vizuri, akachagua la tatu. Akachagua yeye! Akakaa nalo moyoni, akanitenga na mwanangu, akawa ananichunguza kimya kimya. Na sasa kapata kopo.

Nilitetemeka. Nani asingetetemeka? Akaninyooshea kidole, "Ona anavyotetemeka! Asiye na kosa anatetemeka?"

Nikamjibu, maana mdomo sinunui, "Tumbili wako unawasubiri watulie ndiyo uwatoe damu! Mimi mkeo unanikurupusha mtaa mzima unasikia, halafu unausoma mtetemeko wangu?" Akavitazama vile vidonge, nikadhani limemwingia. Wapi!

Nikamwambia tuondoke sasa hivi twende tukapime, mimi na yeye, bega kwa bega. Alikataa. Akasema hana haja ya kwenda kuambiwa anachokijua. Leo naelewa kwamba alikuwa anaogopa. Kama mimi ninao, basi na yeye anao, na hakuwa tayari kulisikia. Lakini woga wake aliuvalisha nguo ya hasira, akanipiga nao.

Nilikwenda peke yangu. Nikapimwa, nikawa salama, nikaja na cheti changu mkononi nakimbia kama aliyeshinda bahati nasibu. Akakiangalia bila kukigusa. Akasema Kariakoo yenu kila kitu kinauzwa, hata majibu.

Mwanamke mwenzangu, ungefanya nini? Ushahidi unao, unaambiwa umenunua!

Ilibaki njia moja. Nikamwambia twende kwa Tatu. Sikumwambia kwa nini. Nilisema tu, muulize Tatu, yeye anaijua tabia yangu, anakaa na mimi kutwa. Moyoni nilikuwa naomba Tatu aone nilivyobanwa, asimame mwenyewe aseme shemeji, hizi ni zangu, mwache mwenzangu. Sikutaka kuivunja ahadi. Nilitaka aivunje yeye kwa hiari yake.

Tulimkuta anapanga bidhaa zake. Shabani akatoa kopo, akamwonyesha, akamuuliza kama anazijua hizi dawa. Tatu akaliangalia kopo. Akaniangalia mimi. Kisha akaangalia chini, akasema, "Mimi sizijui, shemeji. Labda umuulize mwenyewe."

Yarabi! Kopo lake! Kanga yenyewe iliyolifunga ni yake, yenye doa la mafuta ya nazi alilolimwaga yeye! Nilitaka kumrukia. Nilitaka kupiga ukunga soko zima lijue. Ulimi ulifika kwenye meno... ukarudi. Kiapo changu nilimpa Mungu, na mumewe angemuua. Nikanyamaza. Na kunyamaza kwangu ndiko kulikonimaliza.

Pale pana masikio. Kufika alasiri Kariakoo ilikuwa imeshajua kwamba Mama Rukia ana ngoma, mumewe kamfumania na dawa. Wateja wangu wa miaka mingi wakaanza kupita upande wa pili. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Hivi hiyo pilipili unasaga kwa mkono au kwa mashine?" Nikamwambia nasaga kwa mashine, mama. Akasema haya, nitapita baadaye. Mpaka leo hajapita.

Mama mkwe alikuja Magomeni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia ukuta. Akamfungia Rukia nguo zake kwenye begi, akasema mtoto atakaa kwake mpaka ijulikane. Ijulikane nini? Nilimshika mwanangu mkono, Shabani akanitoa vidole, mkono ule ule mwepesi uliokuwa unachoma sindano bila kuumiza. Rukia alilia kutoka mlangoni mpaka nisipoweza kumsikia tena.

Wakaitwa wazee. Baba yake mdogo Shabani, Mzee Kibwana, mtu wa haki, aliniuliza mara moja tu, mkwe wangu, dawa hizi za nani? Nikasema baba, nimeapa. Akashusha pumzi. Shabani akaandika talaka mbele yake, nikakabidhiwa.

Nilirudi kwa mama yangu Ilala, karibu na Msimbazi. Mama anakaanga samaki. Hakuniuliza neno. Asubuhi aliniamsha twende Feri kuchukua samaki, nikabeba ndoo, maisha yakaanza upya kwa harufu ya mafuta. Kibanda nilikifunga. Mwanangu nilikuwa namwona kwa kuibia, nasimama karibu na shule wakati wa kutoka. Siku moja aliniona, akataka kukimbilia kwangu, bibi yake akamshika. Niliumwa, wasomaji. Hakuna ugonjwa wa damu unaouma namna ile.

Eda yangu ikaisha. Shabani hakunirejea.

Ndipo siku moja niko uani nawatoa samaki magamba, akaingia mwanamke mrefu, amevaa suruali na raba, akabisha hodi kwa lafudhi ya Kilimanjaro. Akasema yeye ni Dokta Aneth. Nikasimama na kisu changu mkononi! Nikasema leo ndiyo leo, huyu ndiye Malkia. Mama akanipokonya kisu, akamkaribisha kiti.

Dokta hakukalia kiti vizuri. Akaniambia, "Mama Rukia, nimekuja kukuomba radhi kwa jambo lililotokea kwenye maabara yangu bila mimi kujua."

Akanieleza. Malkia ni tumbili kweli, jike, ana mtoto mchanga. Shabani alipoleta damu yangu hakutakiwa kuipima pale, kwa hiyo aliiingiza kwenye mashine kwa jina la Malkia. Ile mashine waliipanga kwa ajili ya tumbili. Chochote ukitiacho inakilinganisha na kiwango cha tumbili, kikizidi inaweka mshale wa juu, kikipungua mshale wa chini. Na tumbili, alisema Dokta, chembe zake nyekundu ni nyingi na ndogo ndogo. Za binadamu ni chache zaidi na kubwa zaidi. Ndivyo Mungu alivyotuumba!

Shabani alijifunza damu ya tumbili tu. Miaka yote alikuwa anaangalia mishale. Alipoona mshale wa chini kwenye idadi na wa juu kwenye ukubwa, hakujiuliza mishale hiyo inamlinganisha mkewe na nani.

Dokta yeye alidhani Malkia ni mgonjwa. Ndiyo maana ya ule ujumbe! Aliogopa ugonjwa usije ukaenea bandani, akaagiza Malkia atengwe na mtoto wake. Alipompima upya akakuta mzima. Hakuelewa, akaliacha. Ila alipokaa kukusanya vipimo vyote apate viwango vya kawaida, kile kipimo kimoja kikawa kinamharibia hesabu. Akambana Shabani, na Shabani akasema ukweli.

"Nilimwambia," Dokta akasema, "hii si damu ya tumbili mgonjwa. Hii ni damu ya mwanamke mzima kabisa. Nzuri kuliko yangu mimi."

Mama yangu alipiga kofi paja lake. Mimi sikulia. Nilijikuta namuuliza swali la ajabu, "Huyo Malkia... alirudishiwa mtoto wake?"

Dokta akasema alirudishiwa siku ile ile, majibu yalipotoka.

Hapo nikalia. Nililia mpaka Dokta naye akalia. Tumbili ana mtu wa kumpima mara ya pili, jamani! Tumbili anarudishiwa mwanawe siku ile ile!

Haikupita juma, Shabani akaja. Alikuja na Mzee Kibwana, na Rukia kamshika mkono. Mwanangu alinirukia shingoni, nikasahau kwamba nina mikono ya samaki. Mzee Kibwana alizungumza vizuri, kwa aibu ya kweli. Akasema wamekosa, wamekuja kuomba radhi, na kama nitaridhia, kijana wao anataka kunioa upya kwa mahari mpya. Na tayari, akasema, Shabani mwenyewe amekwenda kupima, yuko salama.

Sitawadanganya, moyo wangu ulilainika. Shabani alikuwa amekonda. Alipiga magoti pale kwenye mkeka, akasema amenidhulumu, akasema hapati usingizi, akasema anijengee nini ili nimsamehe. Mama alikuwa ameshaleta chai. Nilikuwa namwangalia yule mwanaume niliyempenda, na neno la ndiyo lilikuwa limeshafika mdomoni. Wallahi lilikuwa limefika.

Akaniangalia. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, "Lakini Mama Rukia... zile dawa zilikuwa za nani?"

Mama akaacha kumimina chai.

Damu yangu safi. Cheti changu safi. Bosi wake kaja kwa miguu yake kuniomba radhi. Na bado! Niliona pale pale maisha yatakayokuja: nitakayemsalimia ataulizwa, nitakachokificha kitafukuliwa, kila nitakapotetemeka nitaandikiwa mshale. Asingepata jibu la kopo lile, angelala nalo kila usiku kati yetu. Na ningemjibu, kesho angepata jingine.

Niliinua sinia la chai nikalirudisha ndani. Nikatoka nikamwambia Mzee Kibwana kwa heshima, baba, radhi nimeipokea, nimemsamehe kijana wako mbele ya Mungu. Mahari rudini nayo. Kuolewa naye tena, hapana.

Shabani akasema sasa amekosa nini, ameuliza tu! Mzee Kibwana akamwambia anyamaze. Akazungusha kofia yake mikononi. Halafu akasimama, akalichukua lile begi la nguo za Rukia walilokuja nalo, akaliweka miguuni kwangu. Akasema mtoto anabaki kwa mama yake. Wakaondoka.

Nimefungua tena kibanda changu. Wateja wanarudi mmoja mmoja. Tatu yupo pale pale jirani, anaendelea na dozi yake, sijui sasa anatunziwa na nani. Ananisalimia kwa mbali. Nilimchukia, siwafichi, na kuna asubuhi bado namchukia. Lakini siri yake sijaitoa na sitaitoa. Sikuahidi kwa sababu yeye ni mwema.

Wasomaji wenzangu, nawaomba. Ukipata majibu ya vipimo, usiyapeleke dirishani kwa muuzaji wa dawa, yapeleke kwa anayehusika na ugonjwa wa binadamu, na muulize huu ni mshale wa juu kuliko nini. Ukimtilia shaka mwenzio, mwambie mkiwa mmekaa, mkiwa na utulivu, kabla hujamtenga na mtoto wake. Na wewe mwanamke unayebeba siri ya mwenzio, mwangalie vizuri kwanza, siku ya siku atasimama?

Shabani bado anatuma watu kumwombea kwangu. Wiki iliyopita alimtuma dada yake. Tulikaa, tukanywa soda, tukacheka kama zamani, na wakati wa kuondoka akanishika mkono, akaniinamia sikioni, akaniuliza swali lile lile la kopo.